Matundu ya Bi Mtaimbo

Jina lake lote ni Bi Mtaimbo, binti wa mchimba visima ambaye visima vyake vyote mtaani kwetu bado vina maji, mjukuu wa mwanamke aliyemfukuza mkusanya kodi kwa mwiko wa moto, dada wa marehemu mume wangu, mama wa watoto aliowazaa, akawazika baadhi yao, na kuwalea waliobaki bila kumlilia mtu. Mwokotaji wa kwanza kupanda jalala letu na wa mwisho kushuka. Ndiye aliyewatoa watu kwa mgongo wake siku mlima wa takataka ulipotitia. Ndiye aliyefundisha mtaa mzima namna ya kukanyaga takataka bila kuungua.

Nayaweka haya mwanzoni kwa sababu redio ilisema upimaji wa gesi kwenye jalala letu uliharibiwa na “watu wasiojulikana”. Anajulikana. Jina lake hilo hapo juu.

Jalala lilianza kuwa shimo. Wazee wetu walichimba humo mawe ya kujengea mji, na mji ulipokwisha kujengwa ukarudisha asante kwa kulitapikia lile shimo. Shimo likajaa likawa uwanja, uwanja ukawa mlima, na sisi tukabaki chini yake na nguo zetu kambani. Watu wa mjini wakipita barabara ya juu hupandisha vioo vya gari. Uchafu ni wao, pua za kuziba ni zao pia. Sisi tumeachiwa harufu, na jina: watu wa jalalani.

Mimi nilikuwa nashona viroba vilivyotoboka, pale getini karibu na mizani ya chuma chakavu, kwa hiyo kila aliyepanda na kila aliyeshuka nilimwona. Wifi yangu alikuwa mtu wa vyuma. Hakuokota chupa, alisema chupa ni kazi ya watu wenye haraka. Alipanda na mabuti mawili yasiyo ndugu, moja jeusi moja la kijani, na mkononi mtaimbo wa baba yake, ule wa kuvunjia miamba kisimani, mrefu kumpita yeye mwenyewe na mzito kiasi kwamba wanaume waliomwomba waujaribu waliurudisha wakiwa wanacheka kwa aibu. Akinipita getini alikuwa akisema, “Mke wa kaka yangu, bado umekaa? Utaota mizizi.” Nami humjibu kwamba heri mizizi kuliko buti la kijani. Ndivyo tulivyosalimiana maisha yetu yote.

Mwaka wa mvua chache mlima ulianza kuungua kwa ndani. Moto hukuuona, uliona moshi tu, unatoka huku leo na kesho kule, na ardhi ikiwa na joto chini ya nyayo. Asubuhi moja binti yake wa mwisho, tunayemwita Kitinda, alikanyaga mahali palipoonekana pazima. Chini yake palikuwa pamekwisha kuliwa na moto. Alizama mpaka magotini. Mama yake alimng’oa kama mhogo, akambeba mbio mpaka zahanati iliyo mguuni pa mlima.

Hapo zahanati ndipo hadithi hii inapokaa, kwa hiyo nitaieleza vizuri. Ina wodi ya kuzalia, chumba cha vidonda, na uani pipa kubwa la kuchemshia vitambaa na vyombo. Pipa linakula kuni. Wiki ile kuni hazikuwepo. Mganga hakusema uongo, alisema vitambaa havijachemshwa, mkiweza leteni vyenu. Tulichemsha khanga zetu nyumbani kwenye majiko yetu, lakini kidonda hakingoji jiko la mtu. Miguu ya Kitinda iliharibika pale pale kitandani, siyo jalalani. Alipona, lakini mguu mmoja haukurudi kunyooka. Tangu hapo Bi Mtaimbo akilipita lile pipa alikuwa akiligonga kwa kidole, kusikia kama lina maji moto.

Baada ya moto ule akafikiri kama mtoto wa mchimba visima. Baba yake alimfundisha kwamba kisima chenye hewa mbaya hufunguliwa kipumue kabla mtu hajashuka. Basi na mlima wenye pumzi ya moto ufunguliwe. Akaweka sheria, na sheria yake ilishikwa kuliko ya manispaa: hutui kiroba chako mahali kabla hujapiga mtaimbo. Unapiga, unachomoa, unaweka kiganja juu ya tundu. Pakiwa na pumzi nyingi ya moto, unahama. Kila mwokotaji akajitafutia chuma chake, na mlima ukawa kama kichungi cha chai. Hakuna mtu aliyezama tena. Kitinda mwenyewe, na mguu wake, hakuwahi kutua kiroba bila kupiga.

Na matundu yale yalikuwa yanawaka. Hilo tulilijua zamani. Tundu likitoa pumzi nzuri unalifunika kopo lililokatwa chini, unapitisha kiberiti, na unapata moto wa samawati usio na moshi. Bi Mtaimbo alikuwa na tundu lake la birika, upande wa juu, amelijengea mawe vizuri. Chai ya mlima haikuwa na kasoro yoyote, ila wageni hatukuwaambia.

Sasa wakaja wageni. Alikuja mhandisi mmoja, kijana mpole, tukamwita Buti Jeupe kwa sababu siku ya kwanza alivaa mabuti meupe na siku ya pili hayakuwa meupe tena. Alikuja na wasaidizi wake, na diwani wetu mbele yao kama ndiye aliyewazaa. Tuliitwa uani mwa zahanati, tukaambiwa kuna kitu kinaitwa upembuzi yakinifu. Wifi yangu akauliza ni kitu gani. Buti Jeupe akasema ni kujua kwa hakika kama jambo litafaa kabla ya kulianza. “Kumbe ni kupima kina cha mto kabla hujavua nguo,” akasema Bi Mtaimbo, na kijana akacheka, akasema ndivyo.

Alitueleza vizuri, simnyimi haki yake. Takataka zikioza mahali pasipo hewa hutoa gesi inayowaka. Atazamisha mabomba yenye vitobo ubavuni, pampu itanyonya, na mashine itaonyesha gesi ni kiasi gani na ina nguvu gani. Ikitosha, bomba litashuka moja kwa moja mpaka kwenye pipa la zahanati. Moto wa kuchemshia, mchana na usiku, bila kuni. Nikamwona wifi yangu anamtazama Kitinda mguuni. Diwani hakuridhika na pipa. Alisimama akaongeza umeme, taa za barabarani, kiwanda. Mhandisi akatazama chini.

Tukapewa amri: tusiguse mabomba, tusiguse pampu, tusivuke utepe mwekundu uliozungushiwa pampu. Hakuna aliyegusa. Nasema tena kwa sababu baadaye yalisemwa mengine. Hakuna mkono wa mtu wa mtaa huu uliogusa hata msumari.

Ila mabomba yalikuwa yameenea mlima mzima nje ya utepe, na kando ya mabomba ardhi ilianza kupata joto. Bi Mtaimbo aliiona, akaita wenzake. Alisema wageni hawa hawajui mlima, wanakaa juu ya moto na mashine zao, na mgeni akiungua kwetu ni aibu yetu. Wakapiga matundu mengi kuliko kawaida, wakiyazungushia kila bomba kwa duara, kwa mapenzi, kama mtu anavyomwekea mgeni mto wa kuegemea. Na kila asubuhi Buti Jeupe akifika alipewa kikombe cha chai ya tundu la birika. Alikunywa, akasifu, hakuuliza imechemshwa na nini. Wala sisi hatukuuliza kama matundu yana ubaya. Sisi tulikuwa wenyeji, yeye ndiye aliyekuja kujua kwa hakika.

Miezi ikapita. Tukaitwa tena uani. Safari hii diwani alikuja na mtu wa redio.

Buti Jeupe alisoma matokeo kwa sauti ndogo. Gesi ni hafifu, imejaa hewa, haiwezi kuwaka vizuri wala kuendesha chochote. Mlima huu haufai. Bomba halitajengwa. Kicheko kikaanzia nyuma kwa waokotaji, kile kicheko cha mtu aliyeambiwa kwamba maji hayalowanishi. Wifi yangu hakucheka. Alisimama, akiegemea mtaimbo.

“Mwanangu,” akasema, “chai unayokunywa hapa kila asubuhi, unadhani inachemshwa na nini?”

“Mkaa, mama.”

“Njoo nikuonyeshe mkaa wenyewe.”

Tukapanda wote. Hata mimi nilipanda, na magoti yangu haya. Akaweka birika juu ya tundu lake, akapitisha kiberiti, moto ukashika. Mtu wa redio alisogeza chombo chake karibu kana kwamba moto utatoa hotuba. Lakini Buti Jeupe hakutazama birika. Alikuwa anatazama bomba lililokuwa pale jirani, na matundu yaliyolizunguka. Akaenda bomba la pili. La tatu. Akarudi akakaa chini kwenye takataka na suruali yake safi.

“Nani ametoboa hapa?”

“Mimi na wenzangu,” wifi yangu akasema, na kifua mbele. “Tuliona ardhi inapata joto. Tukasema mgeni asiungue.”

“Mama, pampu kila ikiwashwa ilikuwa inavuta hewa ya juu kupitia matundu yenu. Gesi ilikuwepo. Mimi miezi yote hii nimepima upepo.”

Hapo diwani akapata neno lake. Hujuma. Alilisema mara nyingi, na kila mara akigeukia chombo cha redio. Kwamba waokotaji wameharibu mradi wa wananchi makusudi, kwamba waondolewe jalalani wote, uwekwe uzio na walinzi. Na yule kijana, ambaye alijua kabisa kwamba hakuna mtu anayehujumu kwa kukupa chai, alikaa kimya. Kimya chake ndicho kilichonipandisha hasira. Nikamwita, nikamuuliza kama tangu siku alipozungusha utepe wake aliyaona matundu. Akasema aliyaona.

“Ukadhani ni ya nini?”

“Nilidhani ni panya.”

Nilimuuliza ni panya gani anayechimba tundu lililonyooka kama bomba lake mwenyewe, lenye upana sawa kila mahali, tena kwa duara. Nikamuuliza kama panya hao aliona wanapita na mitaimbo mabegani wakimwambia habari za asubuhi. Watu walicheka, naye akaona haya, lakini mimi sikuwa nataka haya yake. Nilitaka asimame amwambie diwani kwamba hakuuliza. Hakusema siku ile. Redio jioni ikasema watu wasiojulikana. Tumeishi chini ya uchafu wa mji mzima, vyuma vyao tumewachambulia, moto wao tumeuzima, na siku tunatajwa redioni hatujulikani.

Lakini jambo lililomwangusha wifi yangu halikuwa la diwani. Wakati wa kushuka, mhandisi alimwambia, kwa upole, kitu kingine. Moto wa ndani unakula hewa. Tundu linalotoa pumzi leo, kesho upepo ukigeuka linaingiza. Alichowafundisha watu kiliwaonyesha mahali pa kutokukanyaga, hilo kweli, na pengine kiliwaokoa. Ila mlima wenyewe ulikuwa unalishwa. Ukitaka usiungue, uzibe.

Wifi yangu hakuonekana getini siku kadhaa. Nikamfuata kwake. Nilimkuta amekaa kizingitini, mtaimbo umelazwa uvunguni, kitu ambacho sijawahi kukiona. Aliniambia baba yake hakukosea, kisima ni kisima, yeye ndiye aliyedhani jalala ni kisima. Na kwamba watu wote wale walitoboa kwa sababu yeye alisema watoboe. Mimi sijui kubembeleza. Nilimwambia kwamba kama ameamua kufa kwa aibu afanye upesi, maana diwani anatafuta watu wa kuwafukuza na sisi tunahitaji mtu wa kumfukuza diwani. Akanitazama sana.

“Wifi, mdomo wako ni mlango usio na komeo.”

“Ndiyo. Ingia basi, tutoke.”

Akanyanyuka. Alikwenda mwenyewe kwa Buti Jeupe, akamkuta anafunga vifaa. Alichomwambia nilikisikia kwa kuwa nilikuwa nyuma yake: kwamba kosa lake yeye amelibeba, na la kijana liko hapo chini halijabebwa na mtu. Kama pampu bado ipo, watu wake wataziba kila tundu walilotoboa, naye apime upya. Kijana akaanza kufungua masanduku. Baadaye nilisikia alimwandikia mkubwa wake kwamba hakuwauliza wenyeji. Hilo redio haikulisoma.

Kazi ya kuziba ilikuwa ngumu kuliko ya kutoboa, kama kawaida ya dunia. Tulichimba udongo mzito kwenye ukingo wa shimo la zamani, tukaulowesha, tukaupandisha kwa ndoo na viroba, nami nilishona viroba mpaka vidole vikavimba. Wengi walikubali kwa sababu ni yeye aliyesema. Aliyekataa ni Kitinda.

Alisimama kwenye tundu la birika na ndoo ya udongo, hakuinama. Alimwambia mama yake mbele za watu kwamba mguu huu hakuupata kwa mashine ya mtu. Kwamba yeye amelala akiota ardhi inafunguka, na kilichomwamsha kila asubuhi akapanda ni kujua kwamba atapiga kwanza. “Sasa unaniambia tuufunge, halafu tukae juu yake.”

Bi Mtaimbo hakumkemea. Alimwambia kwamba miguu yake iliunguzwa na mlima lakini iliozeshwa na pipa lisilo na kuni, na yeye anataka lile pipa liwe na moto kabla hajafa. Akasema pia, na hili nililisikia kwa shida maana alikuwa anasema kwa sauti ya chini, kwamba anaogopa vilevile. Kitinda akamtazama muda mrefu. Hakuziba. Aliiweka ndoo kando ya tundu, akashuka. Mama yake ndiye aliyepiga magoti akaliziba la birika, akalisawazisha kwa kiganja kama mtu anayefukia kaburi la mtoto.

Pampu ikanguruma tena. Tulikuwa tukipanda kila asubuhi tukikanyaga kama watu wa msibani, tukizunguka pale tulipopajua pana joto, na joto likawa linapungua. Halikupotea, lilipungua, na Kitinda aliliona, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiweka kiganja chini kila mahali, bila chuma, mikono mitupu.

Tulipoitwa uani mara ya tatu diwani alichelewa. Mhandisi alisema gesi ipo. Si ya umeme, si ya taa za barabarani, na anayewaambia habari za kiwanda anawadanganya. Inatosha pipa la zahanati na jiko la wodi, kwa miaka kadhaa, ikipungua kadiri takataka zinavyozeeka. Na inatosha kwa sharti moja: mlima ubaki umefungwa. Ufa mmoja ukiachwa, pampu itavuta upepo tena. Diwani, aliyefika mwishoni, alisikia “si ya umeme” akaangalia saa yake. Ila aliwahi kusema kwamba basi wataletwa walinzi kutoka nje, na waokotaji watoke.

Wifi yangu aliuliza mlinzi huyo atakaa wapi. Getini, akaambiwa. “Atalinda barabara,” akasema. “Ufa uko juu.” Mhandisi akauliza nani basi ataupanda mlima kila siku, aujue mahali panapopasuka, na awazuie watu waliozoea kutoboa. Kila mtu alimtazama wifi yangu, naye akatazama magoti yake. Ndipo alipotuma aitwe binti yake.

Kumbe mtaimbo alikuwa ameupeleka kwa mfua vyuma. Aliurudisha uani umefungwa kiroba, akaufungua. Ile ncha iliyovunja miamba ya visima vyote vya baba yake ilikuwa imepondwa ikawa bapa, pana kama kisigino, ya kushindilia udongo.

Kitinda hakuupokea mara moja. “Na ukianza kuungua tena?”

“Utajua kabla ya mashine yao, kwa kiganja chako. Uje uniite. Nitapanda hata kwa kubebwa.”

Akaupokea. Uzito ukamvuta bega, akalirudisha. Mama yake akamwambia kazi yenyewe, na wote tuliokuwa uani tukamsikia, diwani pia.

“Kila asubuhi, kabla hawajatua viroba, zunguka. Ukiona ufa, udongo na maji, shindilia. Ukimwona anayetoboa, mwambie Bi Mtaimbo amekataza. Akikwambia Bi Mtaimbo ndiye aliyetufundisha, mwambie ndiyo, na ndiye aliyekataza. Mtu wa redio akija, mtajie jina lako lote, amalize kuandika ndipo umwache aende. Haya, panda. Anzia kwenye tundu la birika, pale niliposhindilia kwa mkono hapakukaza vizuri.”